Kifungo Hujengwa Kwenye Hati ya Mashtaka

Desemba 1992, huko California, wanaume watatu waliwavamia wanaume wawili. Wakati wawili kati yao wakipekua mifuko ya waathirika, wa tatu alimsokomezea mmoja mtutu wa bastola katika sikio la kushoto, na baadaye akampiga kichwani. Wawili walitoroka na Cadillac waliyokuja nayo. Aliyebaki, mmoja wa waliopekua mifuko, alimlazimisha mwathirika wa pili kuingia ndani ya gari la waathirika, Honda, akaliendesha kuwafuata wenzake, akamshusha njiani, na hatimaye, polisi wakimfukuza, akaligonga kwenye nguzo ya simu.

Huyo aliyeondoka na Honda ndiye ambaye shauri lake lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa jina la Jones dhidi ya Marekani. Hati yake ilikuwa na mashtaka mawili: kupora gari, na kutumia bunduki, au kumsaidia anayeitumia, katika kosa la mabavu. Alipofikishwa mahakamani, hakimu alimweleza kwamba kifungo cha juu kwa shtaka la gari ni miaka 15. Jopo la raia lilimtia hatiani kwa yote mawili. Kisha ikaja ripoti ya afisa wa uangalizi, ile ambayo jaji hupewa kabla ya kutoa adhabu. Ripoti hiyo ilipendekeza miaka 25, kwa sababu yule aliyewekewa bastola sikioni alikuwa ametoboka ngoma ya sikio na kupoteza sehemu ya usikivu wake kwa kudumu. Jaji aliona ushahidi wa jeraha unaelemea upande wa ndiyo kuliko hapana, na akatosheka na hilo. Akatoa miaka 25 kwa gari na 5 kwa bunduki, kimoja kifuate kingine. Jumla miaka 30.

Je, ile miaka 10 iliyoongezeka kati ya 15 na 25 ilishtakiwa na nani, na nani aliithibitisha? Hati ya mashtaka haikutaja jeraha. Jopo halikuulizwa habari za jeraha. Naliweka swali hili mbele kwa sababu linatufungulia namna mahakama za shirikisho za Marekani zinavyopanga adhabu ya kosa hili. Vyombo vya habari hutupa namba ya mwisho tu, kana kwamba jaji aliikadiria kwa ukubwa wa hasira yake. Ukweli ni kwamba namba hiyo ni jumla ya vipande, na kila kipande kinasimama juu ya jambo mahususi linalopaswa kushtakiwa na kuthibitishwa. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya jumla hiyo huamuliwa siku mwendesha mashtaka anapoandika hati yake. Anayetaka kuielewa hukumu, au kuikosoa, aanzie hapo.

Serikali kuu inapoingilia

Kumpora mtu gari kwa nguvu ni kosa katika kila jimbo la Marekani, na kwa miaka mingi makosa haya yaliachiwa mahakama za majimbo. Mwaka 1992 muswada wa kulifanya kosa la shirikisho ulikuwa tayari bungeni, pale nchi ilipotikiswa na kifo cha mama mmoja wa Maryland. Mwezi Septemba alikuwa akimpeleka binti yake mdogo shule ya chekechea, akaporwa gari na kuburutwa nalo hadi kufa. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo Rais George H. W. Bush alitia saini sheria dhidi ya wizi wa magari, na kosa jipya likapewa kifungu cha 2119 katika Juzuu ya 18 ya sheria za shirikisho. Tukio la Jones lilitokea sheria ikiwa na umri wa takriban miezi miwili.

Bunge la Marekani haliwezi kuadhibu kila unyang'anyi unaotendeka mitaani. Katiba inalitaka lionyeshe mamlaka yake yanatoka wapi, na katika kosa hili yanatoka kwenye biashara kati ya majimbo. Ndiyo maana kifungu cha 2119 kinahusu gari ambalo limewahi kusafirishwa, kutumwa au kupokelewa katika biashara ya kuvuka mipaka ya jimbo au ya nchi. Mwendesha mashtaka analithibitisha hilo kwa namba ya chesisi. Tangu magari ya mwaka 1981, namba hiyo ina tarakimu na herufi 17. Alama ya kwanza huonyesha lilikotengenezwa, kwa mfano J ni Japani na 2 ni Kanada, na alama ya 11 hutaja kiwanda. Shahidi anayezijua alama hizo akisema kwamba gari lililoporwa Illinois lilitoka kiwanda cha Michigan, mamlaka ya shirikisho yamethibitika. Mara nyingi pande zote mbili hukubaliana jambo hili kwa maandishi na shahidi haitwi kabisa. Hata hivyo ni sehemu ya kosa, na likikosekana mshtakiwa hawezi kutiwa hatiani.

Mwaka 1995 Mahakama ya Juu, katika shauri la Lopez, ilifuta sheria ya shirikisho iliyokataza bunduki karibu na shule, ikisema haikuwa na uhusiano wa kutosha na biashara. Mawakili walijaribu silaha hiyohiyo dhidi ya kifungu cha 2119. Mahakama za rufaa zikawakatalia, kwa kuwa kifungu hiki kina sharti la biashara ndani ya maneno yake yenyewe.

Jimbo na serikali kuu, kila mmoja anaweza kushtaki tukio lilelile, na Mahakama ya Juu ilisisitiza tena msimamo huo katika shauri la Gamble mwaka 2019. Kwa kawaida waendesha mashtaka wa pande hizo mbili hukaa na kukubaliana nani alichukue shauri. Uamuzi huo wa ofisini ni wa kwanza kati ya maamuzi yanayobadilisha miaka ya kifungo, na umma hauuoni.

Nia ya mtekaji

Sheria ya 1992 ilimtaka mtekaji awe na bunduki. Mwaka 1994 Bunge liliondoa sharti hilo na kuweka jingine: awe na nia ya kusababisha kifo au madhara makubwa ya mwili. Mabadiliko hayo yalilenga kupanua wigo, ili hata anayetumia kisu au gongo ashtakiwe. Lakini yalileta tatizo. Watekaji wengi wanataka gari tu, na damu haimo katika mpango wao. Dereva akitoa funguo bila ubishi, nia ya kuua itaonekana wapi?

Jibu lilitolewa tarehe 2 Machi 1999 katika shauri la Holloway, lililotoka New York. Mshirika wa mshtakiwa alitoa ushahidi kwamba mpango ulikuwa kuchukua magari bila kumdhuru mtu, ila angeitumia bunduki yake kama dereva angeleta ubishi. Dereva mmoja aliyesitasita alipigwa ngumi ya uso. Kwa kura 7 kwa 2, maoni yakiandikwa na Jaji John Paul Stevens, Mahakama ilisema nia yenye sharti ni nia kamili. Inatosha kuthibitisha kwamba, wakati ule ule wa kudai au kulitwaa gari, mtekaji alikuwa tayari kuua au kujeruhi vibaya kama ingelazimu.

Uamuzi huo una upande wa pili. Mahakama ilisema pia kwamba tishio tupu, yaani kumtisha dereva bila nia yoyote ya kutekeleza, halithibitishi nia hiyo. Litatosha kuonyesha kwamba gari lilichukuliwa kwa vitisho, lakini nia ni jambo jingine linalotaka ushahidi wake. Kwa sababu hiyo wapelelezi huhangaika na mambo ambayo kwa macho ya kawaida yanaonekana madogo: je, bastola ilikuwa na risasi? Iliwekwa kwenye mwili wa dereva? Alipigwa? Mtekaji alitamka maneno gani? Maelezo ya dereva yaliyochukuliwa kwa uangalifu usiku ule ule yanaweza kuwa na uzito kuliko maabara nzima, na askari anayeandika tu kwamba mlalamikaji alitishiwa kwa silaha anamnyima mwendesha mashtaka nguzo ya shauri lake.

15, 25, maisha

Kifungu cha 2119 kina ngazi tatu. Kupora gari, au kujaribu, kifungo kisichozidi miaka 15. Yakitokea madhara makubwa ya mwili, kisichozidi 25. Kikitokea kifo, idadi yoyote ya miaka hadi maisha, na tangu 1994 hata adhabu ya kifo. Madhara makubwa nayo yamefafanuliwa: hatari halisi ya kufa, maumivu makali kupita kiasi, ulemavu wa kuonekana wa muda mrefu, au kupoteza kwa muda mrefu uwezo wa kiungo, ogani au akili. Mwaka 1996 Bunge liliongeza wazi kwamba unyanyasaji wa kingono katika utekaji unahesabiwa humo.

Sasa turudi kwenye ile miaka 10. Tarehe 24 Machi 1999, siku 22 baada ya Holloway, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wa Jones kwa kura 5 kwa 4. Jaji David Souter, akiandikia walio wengi, alieleza kwamba ngazi hizo tatu ni makosa matatu. Kuruka kutoka miaka 15 hadi 25, kisha hadi maisha, ni kuruka kukubwa mno kuachiwa ripoti ya ofisini. Jeraha lazima liandikwe katika hati ya mashtaka, lipelekwe mbele ya jopo, na lithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi. Jaji Anthony Kennedy na wenzake watatu walipinga, wakiona kwamba Bunge lilikuwa likimwelekeza jaji tu katika kupanga adhabu.

Mwaka uliofuata, katika shauri la Apprendi, kanuni hiyo ilipewa msingi wa Katiba: ukiacha rekodi ya kutiwa hatiani huko nyuma, jambo lolote linalopandisha adhabu juu ya kikomo cha sheria ni la jopo kuamua. Kanuni iliyobadilisha mahakama za jinai za nchi nzima ilichipuka kutoka kwenye shauri la uporaji wa gari.

Watu wengi huusoma uamuzi wa Jones kama ushindi wa washtakiwa. Mimi nauona pia kama heshima kwa mwathirika. Kwa utaratibu wa zamani, sikio lililotobolewa lilikuwa aya katika ripoti iliyosomwa baada ya jopo kwenda nyumbani. Kwa utaratibu mpya, daktari anapanda kizimbani, picha za jeraha zinaonyeshwa, na raia 12 wanatamka kwa kauli moja kwamba mtu huyu aliumizwa vibaya na huyu anawajibika. Kitu alichopoteza mwathirika kinakuwa sehemu ya kosa lenyewe, mbele ya watu. Ugumu wa kuthibitisha ndio unaoipa hukumu uhalali wake.

Uzito wa bunduki

Ngazi za 2119 ni vikomo vya juu, na jaji anaweza kushuka chini yake. Shtaka la bunduki limekaa kinyume. Kifungu cha 924(c) kinaweka kiwango cha chini cha lazima: miaka 5 kwa kubeba au kutumia bunduki katika kosa la mabavu, 7 kama ilionyeshwa kwa kutisha, 10 kama ilifyatuliwa. Miaka hiyo haitumikiwi pamoja na kifungo kingine. Inaanza kingine kinapokwisha.

Hapa pia jopo lina neno lake. Mwaka 2013, katika shauri la Alleyne, mshtakiwa alipewa miaka 7 kwa sababu jaji aliamini bunduki ilionyeshwa, ilhali jopo lilithibitisha matumizi tu. Mahakama ya Juu ikasema jambo linalopandisha kiwango cha chini nalo ni la jopo.

Mzigo ulikuwa mzito zaidi kwa mwenye matukio mawili. Tangu shauri la Deal la mwaka 1993, shtaka la pili la bunduki lilivuta kifungo cha lazima kirefu zaidi, ambacho tangu 1998 kilikuwa miaka 25, hata kama yote mawili yalikuwa katika hati moja. Kijana asiye na rekodi aliyeteka magari mawili kwa kuonyesha bastola alikuwa na miaka 7 jumlisha 25, yaani 32, kabla ya kuhesabu hata siku moja kwa magari yenyewe. Sheria ya Hatua ya Kwanza, iliyotiwa saini tarehe 21 Desemba 2018, ililirekebisha hilo: miaka 25 sasa inamhusu aliyekwishahukumiwa kwa kosa hilo kabla hajarudia. Kijana yuleyule leo ana 7 jumlisha 7, yaani 14. Pengo la miaka 18 lilitokana na tafsiri ya sheria, na hakuna dereva aliyeumizwa zaidi wala pungufu.

Mwaka 2017, katika shauri la Dean, majaji wote wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba jaji akipanga adhabu ya kosa la msingi anaweza kuzingatia kuwa miaka ya lazima ya bunduki inakuja nyuma yake. Jaji wa Iowa aliyesikiliza shauri hilo alikuwa amesema kwamba angeruhusiwa angetoa siku moja tu kwa makosa mengine, kwa kuwa miaka 30 ya bunduki ilikuwa inatosha.

Hesabu kwenye karatasi

Ndani ya mipaka hiyo jaji hufungua Mwongozo wa Adhabu wa shirikisho. Tangu shauri la Booker la mwaka 2005 mwongozo huo ni ushauri, lakini kila jaji lazima aanze kwa kuuhesabu. Tuchukue mfano wa kutunga. Mtu asiye na rekodi ameonyesha bastola, amempiga dereva na kumjeruhi vibaya, ameondoka na gari la thamani isiyozidi dola 20,000, kisha amekiri kosa.

Unyang'anyi huanza kwenye pointi 20. Kwa kuwa kilichoporwa ni gari, ongeza 2. Kwa jeraha kubwa, ongeza 4. Jumla 26. Kukiri na kuwajibika kunapunguza 3, ambapo pointi ya tatu hupatikana kwa ombi la mwendesha mashtaka. Zinabaki 23, na kwa asiye na rekodi jedwali linatoa miezi 46 hadi 57. Ongeza miezi 84 ya shtaka la bunduki: jumla ni miezi 130 hadi 141, yaani karibu miaka 11 hadi karibu 12.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mwendesha mashtaka asiweke shtaka la bunduki, na mengine yote yabaki. Bastola haipotei, kwa kuwa mwongozo unaihesabu kwa pointi 5. Inakuwa 20, 2, 4 na 5, jumla 31. Toa 3, zibaki 28: miezi 78 hadi 97. Ni tukio lilelile, dereva yuleyule, jeraha lilelile. Tofauti inakaribia miaka 4 au inaipita kidogo, na imetokana na mstari mmoja katika hati ya mashtaka.

Msomaji wa Tanzania anafahamu mfumo mwingine: kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kiwango cha chini cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Namba hiyo moja inajulikana na wote kabla kesi haijaanza. Mfumo wa shirikisho wa Marekani umechagua kupima kwa vipande, na faida yake ni kwamba unaweza kutenganisha aliyetisha na aliyejeruhi. Hasara yake ni kwamba anayechagua vipande ana nguvu kubwa.

Baada ya hukumu, miaka hiyo ni miaka kweli. Kwa makosa yaliyotendwa tangu Novemba 1987 hakuna msamaha wa bodi ya kuachia wafungwa mapema. Mwenendo mwema hupunguza hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo kilichotolewa. Kisha hufuata uangalizi nje ya gereza, unaoweza kufika miaka 5 penye shtaka la bunduki. Jaji lazima aamuru pia fidia kwa mwathirika, na sheria ya 2004 inampa mwathirika haki ya kusikilizwa wakati wa kutoa adhabu.

Mwenye kalamu

Hati ya mashtaka haiandikwi na mwendesha mashtaka akaipeleka moja kwa moja kwa jaji. Hupita kwenye jopo kuu la raia 16 hadi 23, na angalau 12 wakubali. Lakini jopo hilo husikiliza upande mmoja, kwa faragha. Shtaka la bunduki likiwapo, sheria inaanza na dhana kwamba mshtakiwa asipewe dhamana, na ni juu yake kuleta ushahidi wa kuipinga dhana hiyo. Akiwa mahabusu, anapewa ofa: kiri shtaka la gari, tufute la bunduki. Zaidi ya asilimia 90 ya wanaotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho hukiri. Kwa hiyo ulinzi wa Jones na Alleyne, ule wa raia 12 kupima jeraha na bunduki, kwa wengi hubaki kama karata ya kujadiliana, bila jopo kuitwa.

Sisemi kwamba makubaliano hayo ni mabaya. Humwepusha dereva na kusimulia tena mbele ya aliyemtia hofu, na huleta uhakika. Ninachodai ni uwazi. Kama shtaka la bunduki limefutwa, umma na mwathirika waelezwe sababu: ushahidi ulikuwa dhaifu, au lilikuwa bei ya kukiri? Kama limewekwa kwa mtu ambaye, kama yule wa California, hakuishika bastola mwenyewe, waelezwe kwa nini uzito wa mkono wa mwenzake umewekwa mabegani mwake. Majaji hutakiwa kutaja sababu za kila adhabu hadharani. Mwendesha mashtaka, ambaye kwa mstari mmoja anaweza kuongeza au kuondoa miaka 4 ya maisha ya mtu, hana wajibu kama huo.

Kwa hiyo taarifa ikikufikia kwamba mtekaji wa gari amepewa miaka kadhaa katika mahakama ya shirikisho, usiishie kuuliza kama ni mingi au ni michache. Uliza ni ngazi ipi ya 2119, kama jeraha lilishtakiwa au lilipuuzwa, kama bunduki ilisimama kama shtaka au ilihesabiwa kwa pointi, na kama jopo lilisikiliza au makubaliano yalisainiwa. Majibu ya maswali hayo manne ndiyo yatakayokuonyesha kama mwathirika na mshtakiwa wametendewa haki.